Mkia wa Mjusi, Shaha la Mnazi na Uloto wa Mtoto

Mhadhara kwa wakazi wa Msasani, Dar es Salaam

 

Aliyenialika alinipa mada kwa kuniwekea kopo la vidonge mezani. Lebo inasema vidonge hivyo vinaamsha seli shina za mwili, na kwamba vinatibu kisukari, presha, figo zilizochoka na ganzi za miguu. Nguvu za kiume nazo, kama kawaida, hazikusahauliwa. Akaniuliza, ni kweli? Jibu fupi ni hapana. Lakini jibu fupi halimsaidii mtu ambaye ameshatoa laki kadhaa na bado anaahidiwa kwamba kopo la tatu ndilo litakaloonyesha matokeo. Kwa hiyo nitapita njia ndefu, nikianzia na vitu tunavyoviona hapahapa Msasani kila siku.

Tuanze na mnazi. Minazi ya zamani, ile iliyopandwa kabla maghorofa hayajafika, ina vidato kwenye shina, vile walivyochonga wakwezi wapate pa kuweka miguu. Vitazameni kwa makini. Kidato kilichochongwa enzi za babu bado kiko wazi vilevile, kingo zake kavu, hakijajiziba hata kidogo. Kisha nendeni kwenye mwembe ambao mtu aliukwangua gome kwa panga. Baada ya msimu mmoja au miwili kingo za jeraha zimevimba na zinaanza kulifunika, na miaka ikipita unabaki na kovu tu. Udongo ni mmoja, mvua ni ileile. Tofauti ni kwamba chini ya gome la mwembe kuna utando mwembamba wa seli ambazo bado hazijawa mbao wala gome. Zinagawanyika muda wote, za ndani zinageuka mbao, za nje zinageuka gome, na pakikatwa zinaziba. Mnazi hauna utando huo. Shina lake likishajengwa, limejengwa.

Seli changa zinazokuza shina la mnazi zimekusanyika mahali pamoja tu, juu kileleni, katikati ya makuti yaliyofungana, ndani ya lile shaha ambalo wengine wanaliita moyo wa mnazi. Kila kuti na kila kole la nazi lilianzia kwenye ncha hiyo. Chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, hutoboa njia kuelekea humo usiku. Kuti likija kufunguka baadaye unaliona limekatwa pembetatu pande zote mbili, na hapo unajua nani alipita. Akiishia kwenye makuti, mnazi unaendelea kuzaa. Akiifikia ncha yenyewe, mnazi umekufa, hata kama mizizi ni mizima na maji yapo. Mgomba ukikatwa unachipua pembeni. Mnazi hauna pembeni.

Sasa niseme seli hizi ni nini. Mwili wa kiumbe chochote kikubwa umejengwa kwa seli zenye kazi maalumu. Ya msuli inavuta, ya ini inachuja sumu, nyekundu ya damu inabeba hewa. Seli isiyopewa kazi ni kuruta wa JKT ambaye hajapangiwa kikosi: mwili wake umekamilika, mafunzo anayo, ila hajaambiwa awe dereva, mpishi au mpiga tarumbeta. Baadhi ya seli hizo zina tabia ya ziada. Zikigawanyika, baadhi ya watoto wao huenda kazini na wengine hubaki kuwa mbegu. Hizo zenye kujirithi ndizo seli shina.

Kwa muda mrefu wataalamu walijiuliza kama seli inapopangiwa kazi inatupa maelekezo ya kazi nyingine. Mwaka 1962 John Gurdon wa Uingereza alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa chura wa Kiafrika mwenye kucha. Alitoa kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakiweka ndani ya yai ambalo kiini chake kilikuwa kimeharibiwa, na baadhi ya mayai hayo yakakua. Maana yake seli ya utumbo ilikuwa bado na maelekezo ya kutengeneza jicho, mguu na moyo, ila yalikuwa yamefungiwa. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani aliongeza jeni nne tu kwenye seli za ngozi ya panya, zikarudi utotoni kabisa. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobeli mwaka 2012. Kwa hiyo maelekezo hayapotei. Swali la maana ni nani anayeyafungua, wapi, na kwa amri gani. Hilo ndilo nitakalolishikilia jioni hii yote.

Jibu lake mojawapo liko jirani. Pale Mikocheni pana kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI, chenye maabara ya kukuza mimea ndani ya chupa, na moja ya mazao wanayoyashughulikia ni muhogo. Muhogo, kama mnavyojua, haupandwi kwa mbegu shambani. Unakata pingili, unaichomeka, na kwenye kila fundo kuna jicho lenye ncha ya seli changa iliyolala. Ni urahisi mkubwa, lakini una gharama, kwa sababu pingili ikiwa na ugonjwa, umeupanda ugonjwa pamoja nayo. Batobato ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1894, kutoka nchi hii ilipokuwa chini ya Wajerumani. Michirizi ya kahawia ilielezwa na H. H. Storey mwaka 1936, akiwa kituo cha Amani katika milima ya Usambara. Huu wa pili ni mnafiki. Shamba linaweza kuonekana zima, majani ya kijani, mpaka mtu anapomenya muhogo jikoni na kukuta madoa ya kahawia makavu yaliyopenya hadi katikati. Huo haupikiki, wala mnunuzi hachukui.

Magonjwa haya yote mawili ni ya virusi, na dawa ya kumwagia haipo. Kinachofanyika maabara ni kukata ile ncha ya chipukizi chini ya hadubini, kipande kisichofika hata nusu milimita. Virusi husafiri ndani ya mmea hasa kwa mirija, na ncha ile bado haijajengewa mirija, kwa hiyo mara nyingi haijaambukizwa. Mara nyingi mmea hupitishwa kwanza kwenye joto ili kuvipunguza virusi, na mche unaopatikana lazima upimwe kabla ya kuitwa safi. Njia hii ilianzia Ufaransa mwaka 1952, Georges Morel na Claude Martin walipoitumia kwa maua ya dahlia.

Kipande hicho kinawekwa kwenye chupa yenye chakula kilichogandishwa, sukari, madini na homoni. Na hapa kwenye homoni ndipo penye jambo. Mwaka 1957 Folke Skoog na Carlos Miller, wakifanya kazi Marekani kwa tishu za tumbaku, walionyesha kwamba uwiano wa homoni mbili, oksini na saitokinini, ndio unaoamua kitakachoota. Oksini ikizidi, inatoka mizizi. Saitokinini ikizidi, yanatoka machipukizi. Zikikaribiana, unapata donge jeupe lisilo na umbo, linaloongezeka tu. Seli ni zilezile. Kilichobadilika ni amri. Kumbukeni lile donge, maana tutakutana na ndugu yake kwenye tumbo la mwanadamu.

Mkono wako nao ulianza hivyo. Mimba ikiwa katika wiki ya nne hivi, ubavuni mwa kijusi kuna kivimbe kidogo cha seli zinazofanana. Hakina mfupa wala kidole. Wiki chache baadaye kina umbo la kiganja kilichoshikana, kisha seli zilizo kati ya vidole zinakufa kwa mpango, vidole vinaachana. Watu huwa hawaamini kwamba kifo cha seli ni sehemu ya ujenzi, lakini bila hicho tungezaliwa na vidole vilivyogandana, na wapo wanaozaliwa hivyo.

Kivimbe kinajuaje upande wa gumba na upande wa kidole cha mwisho? Mwaka 1968 John Saunders na Mary Gasseling walichapisha jaribio la vifaranga vilivyokuwa bado ndani ya yai. Walichukua kipande kidogo cha nyuma ya chipukizi la bawa, wakakipandikiza mbele ya chipukizi lingine. Lile bawa likaota vidole vya ziada vilivyopangwa kinyume, mkabala na vile vya kawaida. Kipande kile hakikugeuka kuwa vidole hivyo. Kiliwapa majirani amri, na majirani wakatii kwa kadiri ya umbali wao. Leo tunajua protini inayobeba amri hiyo, na tunajua kwamba baadhi ya watoto huzaliwa na gumba la ziada kwa sababu jeni ya protini hiyo imewashwa upande usio wake. Katika familia zetu kidole cha sita si habari ya kushtua, ingawa kile kidogo cha pembeni ya kidole cha mwisho mara nyingi kina asili nyingine.

Tushuke pwani. Siku za bamvua maji yakipwa sana, wanaotembea miambani upande wa Bongoyo hukutana na viti vya pweza vya aina nyingi. Wengi wenu mmeambiwa kwamba ukikikata kiti cha pweza vipande, kila kipande kinakuwa kiti kizima. Kwa aina nyingi si kweli, maana lazima kipande kibaki na sehemu ya kitovu cha katikati. Lakini katika Bahari yetu ya Hindi wapo wa jenasi ya Linckia, wembamba, mikono mirefu kama vidole, ambao mkono mmoja tu unatosha. Ukimkuta aliye njiani kukua huwezi kumsahau. Unaona mkono mmoja mkubwa uliokomaa, na kwenye kitako chake vimetokeza vimikono vinne vifupi kuliko ukucha, na katikati yao mdomo mpya unaanza kufunguka. Kwa miezi mkono ule unaishi bila kinywa, unakula akiba yake yenyewe. Naomba mtazame tu na kuacha palepale, eneo lile ni hifadhi ya bahari tangu 1975.

Ng'ambo, Jambiani, wanawake wamegeuza tabia ya namna hii kuwa riziki. Kilimo cha mwani kilipoanza kusumbua kwa sababu bahari inapata joto, shirika la Marine Cultures lilianzisha pale kilimo cha sponji mwaka 2009. Mkulima anakata sponji mzima vipande vidogo kwa kisu, anavifunga kwenye kamba ndani ya maji, na kila kipande kinaziba jeraha lake na kukua kuwa sponji kamili wa kuuza. Kati ya seli za sponji kuna aina inayotembeatembea ndani ya mwili na inayoweza kugeuka kuwa karibu seli yoyote inayohitajika. Mwaka 1907 Mmarekani H. V. Wilson alimkamua sponji hai kupitia kitambaa cha matundu madogo mpaka akawa ukungu wa seli mojamoja majini. Seli zikatafutana, zikashikana, zikajenga sponji upya. Sponji anaweza hilo kwa sababu mwili wake ni mpangilio rahisi. Hana moyo wala uti wa mgongo wa kupanga upya. Kadiri mwili unavyozidi kuwa na viungo vyenye kutegemeana, ndivyo kazi inavyozidi kuwa ngumu.

Mjusi kafiri wa ukutani kwako ni shahidi mzuri. Ukimfuata kwa ufagio anakuachia mkia unaorukaruka, naye anaponea. Mkia haukukatika ovyo. Katika mifupa yake kuna mistari dhaifu iliyotengenezwa mahsusi kwa kukatikia. Baada ya wiki kadhaa unaota mwingine, na watu husema, kaupata mkia wake. Hakuupata. Ukiukata mkia mpya na kuutazama ndani hukuti pingili za mfupa, unakuta bomba moja la gegedu. Hata rangi na magamba havifanani. Na kwa kuwa bomba hilo halina ile mistari, siku nyingine akishikwa itabidi akatikie juu zaidi, karibu na mwili. Alichopewa ni kiraka kinachomtosha kutoroka mara ya pili. Ukisikia neno kuota upya, uliza kwanza kama kilichoota ni kilekile.

Kwa wanyama wanaonyonyesha tulidhani habari imeishia kwenye makovu. Kisha mwaka 2012 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa kwa panya miiba wa Laikipia, Kenya, na Ashley Seifert pamoja na wenzake, akiwemo Stephen Kiama wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Panya hawa wana manyoya magumu yanayochoma mgongoni. Watu waliowashika walijua kwamba ukimkamata vibaya ngozi inabaki mkononi mwako na panya anakimbia. Walipopima, ngozi yake ilichanika kwa nguvu ndogo mara 20 kuliko ya panya wa kawaida wa maabara. Jeraha linalomwua mnyama mwingine wa ukubwa huo linafunga haraka, na mahali pake panaota ngozi yenye vinyweleo na tezi, siyo kovu jeupe lisilo na nywele. Wakatoboa masikio yao tundu la milimita 4. Panya wa kawaida anabaki na tundu maisha yake yote, ndiyo maana tundu la sikio hutumika kama alama maabara. Kwa panya miiba tundu likaziba, na gegedu ndani yake.

Jamaa zao wapo Tanzania pia, mmoja amepewa jina la milima ya Nguru. Ninachokipenda katika habari hii ni kwamba panya miiba hana seli za ajabu ambazo sisi hatuna. Tofauti kubwa imeonekana kwenye mazingira ya jeraha, yaani namna seli za kinga zinavyofika na kuondoka, na namna nyuzi za ngozi zinavyowekwa kwa uchache na ulegevu badala ya kufumwa haraka kuwa kovu. Kovu lina sababu yake. Kwa mnyama aliyejeruhiwa porini, kuziba upesi kabla vijidudu havijaingia ni bora kuliko kujenga vizuri polepole. Sisi ni watoto wa waliochagua haraka.

Na sisi je? Hatuko maskini kama tunavyojidhania. Ngozi ya ndani ya utumbo mwembamba inabadilishwa yote kwa siku tatu hadi tano hivi, kutoka kwa seli shina zilizokaa chini ya vishimo vyake. Uloto wa mtu mzima unatoa seli nyekundu za damu takribani bilioni 200 kila siku, na kila moja inaishi siku 120 hivi. Mwaka 1974 daktari Cynthia Illingworth wa Sheffield alieleza kwamba watoto waliokatika ncha ya kidole, wakisafishwa jeraha na kufungwa bila kushonewa, waliota ncha hiyo tena pamoja na ukucha wake, mradi mkato haukupita eneo la ukucha. Msichukue hilo kuwa ruhusa ya kumtibu mtoto nyumbani.

Ini linatajwa sana na wauzaji wa vidonge, kwa hiyo lisemwe sawasawa. Mtu anaweza kutoa zaidi ya nusu ya ini lake, na ndani ya miezi kinachobaki kinarudia ukubwa unaotosha. Lakini kipande kilichokatwa hakioti tena, ila kile kilichosalia ndicho kinachopanuka, na mara nyingi zinazofanya kazi hiyo ni seli za ini zilizokomaa zenyewe, siyo seli shina. Figo ni habari nyingine. Kila figo ina vichujio karibu milioni moja, na utengenezaji wake unakoma kabla hujazaliwa. Kinachokufa baada ya hapo hakizalishwi kingine. Mgonjwa wa figo anayeacha kusafishwa damu kwa sababu ameambiwa kopo litamwotesha figo mpya anaelekea kaburini, na aliyemwambia anajua njia ya kwenda benki.

Nimelifikia kopo. Ndani yake mna unga mkavu. Kama uliwahi kuwa na seli, zimekufa. Kama zingekuwa hai, tumbo lingezimeng'enya sawa na kipande cha nyama au jani la mchicha. Kama kwa muujiza zingepita, zingekuwa seli za mmea au mnyama mwingine, na kinga ya mwili ingezishambulia. Na kama hata hayo yangepita, zingebaki bila mahali na bila amri.

Seli isiyo na amri si baraka. Madaktari wa wanawake wakati mwingine hutoa kwenye kokwa la mayai uvimbe wenye nywele, mafuta, hata meno. Mitaani habari hiyo ikitoka inasemwa ni mkono wa mtu, mgonjwa karogwa. Hakuna mchawi hapo. Ni seli ya uzazi yenye uwezo wa kuwa chochote, ikaanza kujenga bila ramani, ikatoa ngozi hapa na jino pale. Huyo ndiye ndugu wa lile donge la chupani. Ukichukua seli za aina ya Yamanaka ukamdunga panya nazo zikiwa bado hazijapewa kazi, unapata uvimbe wa namna hiyohiyo. Na mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliripoti wanawake watatu waliopoteza uwezo wa kuona baada ya kudungwa machoni kile walichoambiwa ni seli shina za mafuta ya mwili wao, katika kliniki iliyowatoza fedha kwa tiba isiyothibitishwa.

Basi ipo tiba ya seli shina iliyothibitishwa? Ipo, ya miaka mingi, na imefika nyumbani. Inagusa ugonjwa ambao sidhani kama kuna ukoo katika ukumbi huu usiokuwa na habari nao: selimundu.

Kila mwaka Tanzania huzaliwa takribani watoto 11,000 wenye selimundu. Muhimbili, chini ya Profesa Julie Makani na wenzake, wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa kwa maelfu tangu mwaka 2004, na kazi hiyo inajulikana duniani. Herufi moja ya jeni imebadilika, hemoglobini inagandana ndani ya seli, seli inajikunja umbo la mundu na kuziba mishipa midogo. Ndiyo yale maumivu ya mifupa yanayomliza mtoto usiku. Na badala ya siku 120, seli hizo zinaishi siku 10 hadi 20 tu, ndiyo maana macho ni ya manjano na damu haitoshi.

Kosa haliko kwenye seli nyekundu tu, liko kwenye seli shina zinazozizalisha ndani ya uloto. Ernest McCulloch na James Till wa Toronto ndio walioanza kuonyesha, mwaka 1961, kwamba seli moja ya uloto inaweza kuzaa aina mbalimbali za seli za damu. E. Donnall Thomas wa Marekani alikuwa ameanza kuwapa wagonjwa uloto wa wengine tangu 1957, na wengi wa wale wa mwanzo walikufa. Alipata Nobeli mwaka 1990. Selimundu iliingia kwa bahati. Mwaka 1984 iliripotiwa kwamba msichana wa miaka minane aliyepandikizwa uloto kwa ajili ya saratani ya damu alipona na selimundu pia.

Kwa miaka mingi Mtanzania aliyetaka tiba hiyo alipanda ndege kwenda India, kama alikuwa na uwezo. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu hapahapa nchini.

Inafanyikaje? Anatafutwa ndugu mwenye vitambulisho vya kinga vinavyolingana na vya mgonjwa. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne. Wa mama mwingine, hata mkipendana namna gani, hawezi kulingana kikamilifu ila kwa bahati ya nadra. Kisha mgonjwa anapewa dawa kali za kuuondoa uloto wake, kwa sababu vyumba vyake vimekaliwa, na mgeni akija hana pa kukaa. Halafu seli za ndugu zinaingizwa kwa mshipa, mfuko unaoning'inia kama wa kuongezewa damu. Hakuna anayechoma sindano kwenye mfupa wa mgonjwa. Seli zinazunguka na damu, zinaitambua harufu ya kemikali ya uloto, zinaingia zenyewe. Baada ya wiki mbili hadi nne hivi zinaanza kuzaa. Na si lazima zishike uloto wote. Zikishika kama asilimia 20 tu, damu inaweza kuwa karibu yote nzima, kwa sababu seli nyekundu nzima zinaishi muda mrefu kuliko zile za mundu.

Linganisheni na kopo: hapa seli ziko hai, ni za jamii ileile, zimelinganishwa, mahali pamesafishwa, amri zipo zinazisubiri. Na bado ni hatari. Wapo wanaofariki. Seli za mgeni zinaweza kuukataa mwili zilioingia, dawa zinaweza kuondoa uwezo wa kuzaa baadaye. Kwa hiyo si kila mtoto anapelekwa, na kwa walio wengi haidroksiyurea, inayotumiwa kila siku kwa uangalizi wa daktari, inabaki kuwa msaada mkubwa. Tiba ya kurekebisha jeni ndani ya seli shina za mgonjwa mwenyewe ilikubaliwa Uingereza Novemba 2023, kisha Marekani mwezi uliofuata, ambako bei yake ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Bado inahitaji zile dawa kali za kusafisha vyumba. Ugonjwa ni wetu zaidi kuliko wao, na bei haitujui.

Wazazi wakielezwa haya yote, wengi huuliza kwanza juu ya mtoto mzima anayetolewa uloto. Je, tutakuwa tumempunguzia mmoja ili kumwongezea mwingine? Anachomwa sindano kwenye mfupa wa nyonga akiwa amelazwa usingizi, anaamka na maumivu ya kiuno ya siku kadhaa. Seli shina zilizobaki kwenye mifupa yake zinahisi pengo, zinagawanyika, na ndani ya wiki nne hadi sita hivi uloto uliotolewa umerudi. Akihitajika tena anaweza kutoa tena. Nakaribisha maswali, na naomba tuanze na vijana mliokalia ukuta kule nyuma.